Karatasi ya 7.4 imenihamisha chumbani

Shikamoo sista,

Mi ni fundi fanicha, niko Keko mwaka wa 22 huu, umri 56, mke mmoja watoto wanne, wa mwisho yuko fomu tuu. Jina langu usiweke, we sema fundi tu inatosha, Keko mafundi tuko wengi hawatajua ni nani.

Stori iko hivi. Jumamosi moja walikuja watu wakafunga turubai karibu na karakana zetu, wanapima presha, sukari na tezi dume bure, wana spika kubwa wanatangaza "wazee njooni, siku hizi ni damu tu, hamna kidole". Sasa sista si unawajua wanaume, hapo kwenye hamna kidole ndo tukajazana, maana miaka yote kinachotukimbiza ni hicho hicho kidole cha daktari huko nyuma. Nikatolewa damu, dakika mbili nyingi, nikarudi kupiga randa. Jumatatu napigiwa simu nikachukue majibu. Dogo aliyenipa karatasi hata kiti hakunipa, kasimama mlangoni na simu yake mkononi, akanionyesha mstari umeandikwa PSA 7.4, pembeni kuna herufi H nyekundu na mbele yake 0 mpaka 4. Namuuliza maana yake nini, anasema "mzee iko juu, hiyo ni tezi dume, fuatilia hospitali kubwa". Basi, kaishia hapo. Nilivyotoka pale miguu siisikii, nikapanda daladala, mi nashukia Kwa Azizi Ally lakini kuja kushtuka niko Rangi Tatu, konda anauliza "mzee wewe unageuza na gari?"

Mke sijamwambia. Karatasi nimeificha karakana kwenye droo ya dresing tebo moja ambayo haijapata mteja. Kijana wangu kaifungua apige msasa kwa ndani, kaikuta, ananiuliza mbele za watu "bosi hii PSA si ndo ile ya kidole?" Nikamwambia ni ya mteja.

Halafu kuna jamaa anauza unga wa mizizi, kopo 45,000, kijiko kimoja kwenye uji asubuhi na jioni, anasema mwezi mmoja tezi inasinyaa yenyewe. Nimekunywa siku 9 nikaenda kupima maabara ingine ya mtaani kwa hela yangu, ikaja 5.9. Jamaa akaniambia si unaona, dawa inafanya kazi, chukua makopo matatu mengine. Na kweli nimeona kwa macho yangu imeshuka. Ila mwanangu wa kwanza, ambaye ndo peke yake nimemwambia, kanitumia klipu WhatsApp, mzungu anasema kipimo cha PSA ni utapeli na eti hata aliyekigundua amekikana. Sasa nishike lipi?

Kuhusu mwili, usiku naamka mara mbili tatu kukojoa na mkojo unaanza kwa kusuasua. Wiki ile ile ya kupimwa nilikuwa nakojoa kwa maumivu, duka la dawa wakanipa sipro nikamaliza Jumanne, maumivu yakaisha kwahiyo hilo sio tatizo. Mgongo unauma lakini mi ni fundi, mgongo wangu unauma tangu 2004. Baba alifariki 2003 kule Nachingwea, mkojo ulifunga, akawekewa mpira, mwishoni miguu ikakataa kabisa, watu wakasema wamemtupia kitu. Sijui kama inahusiana.

Cha mwisho ndo kinachoniua. Ijumaa kuamkia kupimwa nilikuwa na mama watoto vizuri tu. Baada ya majibu nimehamia sebuleni kwenye kochi, nasingizia joto, kumbe naogopa nisimwambukize. Wiki ya nne sasa. Yeye ameshaamua kwamba nina mchepuko, chakula naletewa lakini kinawekwa mezani kwa kishindo. Sista nikubali kwenda kukatwa kinyama cha tezi kikapimwe au niendelee na unga? Na hivi damu peke yake inaweza kusema mtu una saratani?

Fundi, Keko

*

Marahaba fundi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, na nusu ya majibu unayoyatafuta umeyaandika mwenyewe halafu ukayaruka kama vile sio kitu. Sipro. Ijumaa. Nachingwea. Tutafika kote huko, ila kwanza tumalizane na yule dogo wa mlangoni.

Kukuambia "hiyo ni tezi dume" ni sawa na kumwambia mtu "wewe una ini". Tezi dume sio ugonjwa jamani, ni kiungo, kila mwanaume anacho, kimekaa chini ya kibofu na kimeuzunguka mrija wa mkojo ndo maana kikivimba mkojo unaanza kusuasua kama unavyosema. Kinaweza kutanuka tu kwa umri, na hilo linawapata wazee wengi mno na sio saratani. Kinaweza kupata maambukizi. Na kinaweza kupata saratani. Mambo matatu tofauti, na yote matatu yanaweza kuipandisha PSA.

PSA yenyewe ni protini inayotengenezwa na tezi dume, kazi yake ni kuyeyusha shahawa ziwe majimaji ili mbegu ziweze kuogelea. Nyingi inabaki huko huko, kidogo inavuja kuingia kwenye damu, na hicho kidogo ndo maabara inakihesabu, nanogramu kwa mililita. Sasa wewe fundi nikueleze kwa lugha ya Keko. Mtu akipita nje ya karakana yako akakuta maranda mengi, anajua ndani kuna kazi imefanyika. Lakini maranda hayamwambii kama umetengeneza kitanda, kabati au jeneza. 7.4 ni maranda. Kwahiyo swali lako la mwisho nalijibu hapa hapa, hapana, damu peke yake haisemi una saratani, inasema kuna sababu ya kufungua mlango na kuangalia ndani.

Na hiyo 4 iliyoandikwa kwenye karatasi sio ukuta wa zege. Ni mpaka waliouweka Wamarekani miaka mingi iliyopita na nchi nyingi tukaufuata. Wanaume ambao PSA yao iko kati ya 4 na 10, kama wewe, ukiwachukua wanne kinyama kinakuja na saratani kwa mmoja hivi, watatu hawana. Ikivuka 10 ndo uwezekano unapita nusu. Ila usishangilie mapema maana kuna upande wa pili, mwaka 2004 Wamarekani walitoa matokeo ya wanaume ambao PSA yao haikuwahi kuvuka 4, wakachukuliwa kinyama vile vile, na kama 15 katika kila 100 wakakutwa na saratani, japo nyingi zilikuwa zile za polepole. Ndo maana wale wenye spika waliosema hamna kidole walikuuzia nusu ya habari. Damu imesaidia sana, nakubali, imewaleta watu kama wewe ambao msingekuja hata kwa pingu, lakini kuna saratani ambazo damu iko kimya na kidole cha daktari kinagusa kauvimbe kagumu. Kidole ni sekunde chache fundi, unalala ubavu unakunja magoti, daktari amevaa glavu na amepaka mafuta, kabla hujamaliza kuona aibu ameshatoa. Nimesimama pembeni ya hicho kitanda zaidi ya miaka 20 na sijaona mwanaume aliyetoka pale amepungua.

Sasa sipro. Unasema maumivu yaliisha kwahiyo sio tatizo, kumbe ndo tatizo lenyewe! Maambukizi ya njia ya mkojo au ya tezi yanaipandisha PSA, wakati mwingine sana tu, na haishuki siku dawa inapoisha, inachukua wiki. Ushauri wa kawaida ni kusubiri kama wiki 6 baada ya kutibiwa ndo utoe damu. Wewe ulimaliza vidonge Jumanne, Jumamosi ukatoa damu. Na kule kutoa manii ndani ya masaa 48 kabla ya kipimo nako kunaweza kuisukuma juu, na wewe kwa maandishi yako mwenyewe Ijumaa mambo yalikuwa mazuri. Hamna aliyekuuliza pale kwenye turubai, najua, foleni ndefu na jua la Dar, lakini yalikuwa maswali mawili tu. Hiyo 7.4 ilipimwa siku mbaya kuliko zote.

Ukishaelewa hapo ndo utaona hiyo 5.9 imetoka wapi. Jamaa wa unga anasema ni unga. Mimi nasema tezi ilikuwa inapoa kutoka kwenye maambukizi, Ijumaa nyingine haikuwepo maana ulishahamia kwenye kochi, na umebadilisha maabara, mashine mbili tofauti zinaweza kukupa namba mbili kwa damu ya mtu mmoja, hata mashine ile ile namba inacheza siku hadi siku. Ungekunywa uji mtupu bila kijiko chochote ingeweza kushuka hivyo hivyo. Huyo jamaa alipanda gari ambalo lilikuwa tayari linateremka mlima akasema yeye ndo dereva.

Halafu kuna jambo moja kuhusu huo unga linanisumbua zaidi ya hela yako. Ipo dawa ya hospitali inaitwa finasteridi, wanapewa wazee wenye tezi iliyotanuka, mtu akiitumia miezi 6 mpaka 12 inashusha PSA kwa karibu nusu, na daktari anayejua hilo akiona majibu anaizidisha mara 2 ndo anapata namba ya kweli. Hiyo inajulikana, ina jina na ina kipimo. Kopo lako halina. Sasa tuseme kweli kuna kitu humo ndani kinashusha namba bila kuugusa ugonjwa, utakuwa umefanya nini? Umefuta H nyekundu kwenye karatasi. Acha kunywa, na kopo usilitupe, nenda nalo kliniki wajue umeingiza nini mwilini.

Klipu ya mwanao sijaiona ila anayesemwa humo nahisi ni Richard Ablin, mwanasayansi wa Marekani, yeye mwaka 1970 ndo aliripoti kugundua antijeni, aina ya protini, kwenye tezi dume, na kweli mwaka 2010 aliandika kwenye gazeti la New York Times akilalamika. Lakini kwenye makala hiyo hakukikataa kipimo chote. Alichokipinga ni kuwapima wanaume wote kwa halaiki, mtu hana hili wala lile anapimwa, namba ikipanda anakatwa, wengine wakabaki wanavujisha mkojo au nguvu za kiume zimepotea kwa saratani ambayo isingewaua hata wakiishi miaka 90. Ni hoja nzito na mimi naiheshimu. Ila ugomvi wake ni wa nchi ambayo watu walipimwa kupita kiasi. Mimi wodini nilikuwa napokea wanaobebwa kwenye machela, mkojo umefunga siku mbili, mgongo hauruhusu kulala, na hao hawajawahi kupimwa hata mara moja. Ukimchukulia Ablin maneno yake ukayaleta Keko bila kuangalia hilo utazika watu.

Na hapo tunafika Nachingwea. Marehemu mzee siwezi kumpima sasa hivi, ila mkojo kufunga, mpira, halafu miguu kukataa, hiyo ni picha ninayoijua, saratani ya tezi dume ikitoka inapenda kukimbilia kwenye mifupa ya mgongo na ikibana uti wa mgongo miguu inakufa. Inawezekana kabisa hakutupiwa kitu. Mwanaume ambaye baba au kaka wa damu amepata ugonjwa huu, hatari yake ni kama mara 2 ya mwingine. Na sisi wenye asili ya Afrika nako tumo, kule Marekani weusi wanakufa kwa saratani hii takriban mara 2 ya weupe. Ndo maana wengi wanashauriwa kuanza kuongea na daktari kuhusu kupima wakiwa na miaka 50, ila mweusi au mwenye baba kama wako aanze 45. Kama una kaka au wadogo zako wa kiume wapigie simu. Kwahiyo usinielewe vibaya fundi, sikuambii 7.4 ni bure upuuze. Nakuambia ilipimwa vibaya, ipimwe vizuri.

Kupima vizuri ndo huku. Kliniki nenda wiki hii, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Temeke sio mbali na wewe, mweleze daktari yote uliyonieleza mimi, sipro, unga, baba, kuamka usiku. Atakupima mkojo kuona kama maambukizi yameisha kweli na ataweka hicho kidole. Damu ndo isubiri zile wiki 6, na uitolee maabara moja ambayo utaendelea nayo siku zote. Ikirudi bado iko juu ya 4, muulize daktari kuhusu PSA huru. Yaani PSA kwenye damu nyingi inatembea imeshikwa na protini zingine, na nyingine inatembea peke yake, huru. Mwenye saratani sehemu ya huru huwa inapungua. Kwa mtu wa kati ya 4 na 10, huru ikiwa zaidi ya asilimia 25 ya yote, uwezekano wa saratani ni kama 8 katika 100, ikishuka chini ya asilimia 10 unapita nusu. Ni damu ile ile, sindano ile ile, ila swali limeulizwa kwa akili zaidi. Wenzetu wameenda mbele kidogo, kuna kinaitwa PHI kiliruhusiwa Marekani mwaka 2012 kinachanganya aina tatu za PSA kwa hesabu moja, kuna 4Kscore, na Waswidi wana chao cha Stockholm3 kinachoweka na vinasaba humo humo. Vyote hivyo kazi yao kubwa ni kumpunguzia mtu kuchomwa kinyama bila sababu, ila usitarajie kuvikuta kila maabara ya mtaani na mtu asikutoze hela ya ajabu kwa majina hayo, PSA ya kawaida iliyopimwa siku sahihi inakutosha kuanzia.

Kinyama wanaume mnakiogopa kama vile mnaenda kuhasiwa. Sio kukatwa, ni sindano nyembamba, unapigwa ganzi, wanachukua vipande kama 12 vidogo kama uzi, unaweza kuona damu kwenye mkojo siku chache na kwenye shahawa wiki kadhaa, basi. Siku hizi panapowezekana wanaanza na MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ili wajue wapi pa kuchoma au kama hata kuna haja. Na hata kinyama kikija na saratani, hapo hapo sio msiba. Waingereza waliwafuatilia wanaume ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi, wengine wakapasuliwa, wengine mionzi, wengine wakaangaliwa tu kwa karibu, baada ya miaka 15 kama 97 katika 100 hawakufa kwa ugonjwa huo, makundi yote matatu karibu sawa. Matokeo hayo yalitoka 2023. Muhimbili na Ocean Road ni hatua za huko mbele, na za baada ya majibu, usianze kuzilalia macho sasa.

Isipokuwa mgongo. Wa 2004 naujua, ni wa kuinama kwenye benchi, ukipumzika unapoa. Ukiona maumivu mapya ambayo usiku ndo yanazidi, au miguu inaanza kuwa mizito, ganzi, au mkojo umefunga, hapo usingoje kliniki wala wiki 6, nenda dharura siku hiyo hiyo hata kama ni saa nane za usiku.

Sasa shemeji yangu huyo anayeweka sahani kwa kishindo. Saratani haiambukizi fundi, sio kwa kitanda, sio kwa kikombe, sio kwa lolote. Wiki nne umelala kwenye kochi kwa kosa ambalo hata halipo, na mwenzako kila usiku anamtafuta mwanamke asiyekuwepo, hivi unadhani yeye analala? Leo ukifunga karakana toa hiyo karatasi kwenye droo kabla dresing tebo haijapata mteja ikaenda nayo Kigamboni, mkalishe, mwonyeshe, mwambie namba ni hii na nilidanganya kuhusu joto. Atakufokea kidogo, mwache afoke, ana haki. Kliniki nenda naye, wanawake tunakumbuka daktari alisema nini, nyie mkitoka mlango tu mmeshasahau.

Sipro ni wiki kama nne zimepita, zimebaki mbili hivi utoe damu. Rudi chumbani leo. Siku mbili kabla ya kipimo rudi kwenye kochi lako, mara hii akiwa anajua kwa nini.

Sista